Usiipulize Kaseti ya Milango

Jambo la kwanza lilikuwa dogo, la kupuuzwa: kaseti ilikuwa imelowa mdomoni.

Sasa niambie wewe. Sanduku limekaa juu ya kabati la Bibi tangu watoto wa nyumba ile wakiwa wadogo, limefungwa kamba, limefunikwa shuka, vumbi juu yake la kupanda mboga. Kila kilichomo kimekauka, hata nyaya zinakatika ukizikunja. Halafu kitu kimoja humo ndani kina unyevu, tena wa vuguvugu, kama kioo kilichohemewa sasa hivi. Mwenye akili angelirudisha sanduku lilikotoka na kwenda kunywa maji. Lakini Fundi siku hiyo hakuwa na akili, alikuwa na furaha, na furaha ni pombe mbaya kuliko zote.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza televisheni. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa karakana, kimejaa televisheni zilizofunuliwa migongo na harufu ya lehemu. Vyumba vya nyuma waliishi yeye, mkewe aliyekuwa mshonaji aliyeshinda dukani kwake, mama yake mzazi, na binti yao wa pekee. Binti waliyemwita Punje, kwa udogo wake na kwa ubishi wake. Punje ni ndogo, lakini ikikukaa kwenye jino utaijua.

Walimpata wakiwa wameshakata tamaa, na tangu azaliwe Fundi alikuwa hana ujanja mbele yake. Tena alikuwa ndiye mpulizaji wake. Uji ukiwa wa moto, baba apulize. Goti likichubuka, baba apulize. Vumbi likiingia jichoni, Punje alifumba jicho kwa kiganja, akampita mama yake, akampita bibi yake, mbio mpaka karakana: "Baba, nipulizie!" Mama mtu akisema njoo nikupulizie mimi, anakataa katakata.

"Yako haina dawa, mama. Ya baba ndiyo ina dawa."

Fundi akisikia hivyo anavimba kichwa siku nzima.

Bibi yeye alishinda kwenye kiti chake ukumbini. Miguu ilikuwa imemgomea. Kutoka kitandani hadi kitini ilikuwa safari ya kushika kuta, na ufagio alikuwa ameuaga siku nyingi.

Kilicholeta balaa ni televisheni ya kichogo, zile nzito za zamani, ambayo mteja aliileta ikatengenezwa kisha akapotea moja kwa moja. Fundi akiitazama akakumbuka ile kompyuta yao ya utotoni. Mchana mmoja Bibi alipopitiwa na usingizi kitini, akaingia chumbani kwake kwa kunyata kama mwizi wa kuku, akalishusha sanduku lililoihifadhi.

Vijana wa leo hamkuiona kompyuta ile. Yote ilikuwa kibodi tu, nene kama tofali, rangi ya maziwa yaliyochacha, vitufe vya mpira. Ulikuwa unaifunga kwenye televisheni kwa waya wa antena, unatafuta mawimbi mpaka chenga zikatike. Gemu zilikuwa kwenye vibweta vya plastiki vya kuchomeka mgongoni mwake, ambavyo watoto waliviita kaseti. Majina yake halisi hawakuyajua, waliyatunga wao.

Fundi akafunga pazia ili jua lisipige kioo, akaanza na Mchimba Chini. Vidole vilikumbuka kabla ya kichwa: chimba kushoto, rudi haraka, subiri jiwe liwaangukie maadui. Akacheka peke yake. Akaweka Ndege Wekundu, na kwenye usukani wa kuchezea akaiona alama ya jino lake mwenyewe, alipouuma siku aliyoshindwa na dada yake.

Dada yake mkubwa aliitwa Kengele, kwa sababu ya kicheko. Kilikuwa kinapanda, kinapanda, halafu kinaishia kwa kwikwi. Alikufa angali msichana mdogo, mchana, kifua kikimbana, amekaa mbele ya televisheni na gemu aliyoipenda kuliko zote ikiendelea: Kaseti ya Milango.

Ndiyo hiyo iliyokuwa imelowa.

Fundi akaichomeka. Kioo kikageuka rangi ya matope. Enzi zao dawa ilikuwa moja tu: kaseti ikigoma ichomoe, ipeleke mdomoni kama kinanda cha mdomo, ipulize kwa nguvu, irudishe. Kengele ndiye aliyekuwa mpulizaji, kwa kuwa alikuwa na pumzi ndefu kabla ya kifua kuanza kumsumbua. Sasa Fundi ni fundi. Anajua kupuliza ni kutia mate kwenye shaba ili ioze. Wateja wanaopuliza vitu mbele yake huwafokea. Brashi na spiriti vilikuwa hapo hapo mezani. Lakini mkono ulishapeleka kaseti mdomoni.

Akapuliza.

Harufu ya mkaratusi ikampanda puani, harufu ya ile dawa ya kuchua kifua aliyokuwa akipakwa dada yake. Fundi akatabasamu, mpumbavu yule, akairudisha kaseti. Kioo kikawaka. Ukumbi mrefu, milango pande zote mbili, na katikati kibwana kidogo cheupe cha kukimbizwa kutoka mlango hadi mlango kutafuta funguo.

Chumba cha nyuma, Punje akakohoa. Mara moja tu.

Fundi alicheza mpaka mkono ukamuuma. Alipouacha usukani ndipo akaona kwamba kibwana hakikutulia. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka. Gemu za zamani hazikuwa na ufundi wa namna hiyo, mtu akisimama amesimama. Kabla hajasogea kutazama vizuri, kioo kikarudi matope. Akaichomoa kaseti, akaipuliza tena, kwa nguvu zaidi. Na kwenye spika ya televisheni, chini kabisa ya muziki, mtu akacheka. Kicheko kikapanda, kikapanda, kikaishia kwa kwikwi.

"Dada?" akanong'ona Fundi. Machozi yalikuwa yameshamtoka.

Huko nyuma Punje alikuwa anakohoa tena, na safari hii kifua kilikuwa kinapiga mluzi.

Ningekuambia aliizima, ningekuwa nakudanganya. Kesho yake alifunga mlango wa karakana, wateja wakagonga mpaka wakachoka. Akapuliza, akasikia kicheko, akapuliza. Mara nyingine kaseti haikuwa imegoma wala nini, aliichomoa tu. Alimpenda sana dada yake. Mtu uliyemlilia utotoni ukija kumsikia ukubwani, utamzimaje? Na kusema kweli kabla ya jua kushuka alikuwa ameshajua. Kila alipopuliza, Punje alikohoa. Si kabla, si baadaye sana. Alijua, akajiambia ni vumbi.

Alipoinua uso alimkuta mama yake amesimama mlangoni, ameshika ukuta kwa mikono miwili.

"Nani kacheka?" aliuliza Bibi.

"Mama, keti utaanguka."

Bibi akaketi, macho kwenye kioo. Hakugomba kuhusu sanduku. "Nilijua iko siku utalishusha," alisema.

"Kwa nini hukulitupa?"

"Ningelitupaje, mwanangu? Siku tuliyotoka kumzika nilirudi chumbani, watu wote wako nje, nikalikuta linahema." Akasogea karibu na kioo. "Mimi sikuwa na ujasiri wa kupuliza. Wewe unao. Puliza."

"Punje ana kifua, mama. Nadhani..."

"Punje ana mafua tu. Watoto wote wana mafua. Puliza nimsikie mwanangu."

Fundi akapuliza. Kicheko kikaja, Bibi akafumba macho, akaweka kiganja kwenye kioo cha televisheni kama anayempima mtoto homa.

"Tena," alisema kwa sauti ya chini.

"Mama, basi."

"Mara moja. Mimi ni wa leo au kesho. Utaninyima hata hilo?"

Akapuliza tena, na tena, kwa kuwa mama akiomba hivyo ni nani wa kukataa, na kwa kuwa na yeye alikuwa anataka, na kicheko kikawa karibu zaidi, kikatoka kwenye spika kikawa kama kiko chumbani, na harufu ya mkaratusi ikajaa mpaka macho yakawawasha, na kibwana cheupe kwenye kioo kikaacha kukimbia kikageuka kikawatazama, kisicho na macho wala mdomo, kifua kikipanda na kushuka taratibu kama cha mtu aliyeshiba, na ndipo Fundi aliposikia kitu ambacho kwa muda mrefu alikuwa hakisikii, yaani kimya cha chumba cha nyuma, ambako kikohozi kilikuwa kimekoma.

Alimkuta Punje sakafuni ukumbini, njia ya kuja karakana. Midomo imekuwa ya zambarau. Alikuwa anavuta hewa na hewa haiingii. Macho yalikuwa yanamtazama baba yake, yanamwomba.

Na nyuma yake, kutoka gizani mwa karakana, mama yake alikuwa anasema, "Usiizime. Tafadhali usiizime."

Hospitali walimuokoa. Daktari alisema ni pumu, akampa pampu ya kuvutia dawa, na dawa ilisaidia kiasi cha kumrudisha nyumbani. Lakini pumzi ilikuwa pungufu. Mtoto aliyekuwa akiruka ukuta sasa alipumzika kati ya kitanda na mlango. Mama Punje hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Alimtazama mumewe, akamtazama mama mkwe, akasema, "Mimi niko dukani, nyie mmejifungia mnapuliza, na mwanangu anakufa nje ya mlango. Nyie wawili mtakuja kunieleza. Kwanza nataka mtu wa kuliangalia dude hili."

Akamleta mganga. Alikuwa mzee mfupi, mkali, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kuziba pancha za baiskeli. Alikuja mchana kweupe, maana jini si popo. Hakuleta ubani wala ngoma. Aliomba beseni la maji, akaizamisha kaseti kama anavyozamisha mpira wa baiskeli, akainama.

Mapovu yakatoka. Kisha yakasita. Kisha yale yaliyokuwa yakielea yakavutwa, yakarudi chini, yakaingia ndani ya kaseti.

"Lo!" alisema mganga, akajipangusa mikono. "Kinachotoa povu kinavuja, hicho nakiziba. Kinachotoa povu na kulirudisha kinahema. Nani alikipuliza?"

"Mimi," alisema Fundi.

"Hongera. Umemlisha mgeni kwa sahani ya mwanao." Akaeleza, kwa sauti ya chini, kama anayechelea kusikiwa. Jini huyo hana pumzi yake mwenyewe. Hukaa kwenye kitundu chochote ambacho watu hupeleka midomo, na mtu mzima anayempuliza humfungulia njia hadi kwenye pumzi changa kuliko zote nyumbani. Zamani, aliyekuwa akipuliza alikuwa mwenyewe mtoto, basi hakuhitaji kwenda mbali, akala pumzi ya yule yule.

"Na kicheko?" aliuliza Bibi kwa ghafla. "Kicheko ni cha mwanangu. Mimi nakijua."

"Mama, ndoana haiendi tupu. Kile ni chambo."

"Tuichome moto," alisema Mama Punje.

"Uichome, aondoke na pumzi zote alizoshika? Ya huyu mtoto imo." Mganga akamgeukia Fundi. "Aliyepulizwa ndani hutolewa kwa kuvutwa. Na wa kuvuta ni yule yule aliyepuliza. Weka mdomo, vuta mpaka mwisho. Za mtoto zitarudi kwa mtoto. Yeye atabaki kifuani mwako, na humo hana chakula, wewe ni mtu mzima umekomaa. Atakonda mpaka afe, au ufe naye. Lakini sikiliza. Mlango wake ni mmoja tu. Usipulize kitu. Si chai, si kiberiti, si filimbi. Kuhema hema, kucheka cheka, kukohoa kohoa. Kupuliza, mwiko. Na ukimpulizia mtu, basi tena, mimi usiniite."

Fundi akaichukua kaseti. Hapo Bibi akapiga yowe, akajitupa kutoka kitini, akaushika mguu wa mwanawe. "Mtaniulia mwanangu mara ya pili! Mara ya pili!" Mama Punje akambeba mzima mzima akamfungia chumbani, na ngumi zake zikawa zinagonga mlango wakati Fundi anaweka midomo kwenye plastiki ile iliyolowa, akaanza kuvuta, na kilichoingia hakikuwa hewa, kilikuwa kizito kama maji ya matope na kichungu kwa mkaratusi, akavuta huku mbavu zinamtanuka na masikio yanavuma na kicheko kinapanda ndani ya koo lake mwenyewe, kinapanda, kinapanda, mpaka kikafika kwenye kwikwi na kushuka kifuani kikakaa.

Kaseti ikapasuka katikati, kavu kama ganda. Kitandani, Punje akavuta pumzi ndefu mpaka godoro likalia, akasema ana njaa.

Ingekuwa hadithi ya kumlaza mtoto, ningeishia hapo.

Fundi alishika mwiko. Alikunywa chai iliyopoa. Aliacha kiberiti kimuunguze vidole kuliko kukizima kwa mdomo. Kila siku alimtazama mwanawe akikimbia, akashukuru, na usiku kifua kilipokuwa kizito alilala chali na kuvumilia. Kilichomuuma zaidi ni Punje mwenyewe, aliyekuja na goti lake lililochubuka akaambiwa nenda kaoshe kwa maji.

"Baba siku hizi hunipendi," alisema Punje.

"Nakupenda mpaka nakosa pa kukuweka."

"Mbona hunipulizii?"

Fundi akamshika mkono. Akaweka ndoo ya maji safi jikoni, akamfundisha kuosha jicho mwenyewe, akamwambia maji nayo yana dawa. Punje akavuta mdomo.

Bibi alikuwa mpole ajabu. Hakutaja sanduku. Ila mchana mmoja Fundi aliyesinzia kitini aliamka na uzito kifuani, akamkuta mama yake amemwinamia, sikio limebanwa kwenye shati lake, macho amefumba, anatabasamu.

"Anacheka humu," alinong'ona Bibi. "Umemfungia gizani, baba. Mtoto mdogo vile."

"Mama, yule si Kengele. Mganga alikuambia."

"Mganga hakumzaa."

"Mama, nakuomba."

"Haya, haya," alisema Bibi, akampapasa shavu. "Lala."

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali, Mama Punje yuko dukani, Fundi ameinamia mgongo wa televisheni na chuma cha lehemu mkononi. Uani kulikuwa na sauti ya kitu kinakwaruza ardhi, chwaa, chwaa, chwaa. Ufagio. Akadhani ni jirani. Akaendelea na kazi.

Punje akapiga ukelele.

Alikuja mbio kama zamani, viganja vyote viwili usoni, nywele zimejaa majivu. "Baba! Linaniunguza! Baba, jicho!"

Fundi akamnyakua akakimbia naye jikoni. Ndoo ilikuwa imepinduliwa, maji yote yamekwenda sakafuni. Akafungua mtungi, mtupu. Birika, tupu. Akasimama hapo na mtoto anajipinda mikononi mwake, anajikuna jicho kwa makucha, damu imeanza kujitokeza pembeni.

"Usikune! Punje, usikune, mama, twende kwa jirani..."

"Nipulizie! Baba, nipulizie! Nipulizie!"

Kutoka mlangoni, sauti ya mama yake ikasema taratibu, "Mpulizie mwanao. Baba gani wewe, mtoto anapofuka unamtazama?"

Naye akawaza, na mawazo ya namna hii huja haraka yakiwa yamevaa vizuri, kwamba itakuwa pumzi ndogo tu, ya mdomoni, isiyofika kifuani, kama ya kupeperusha unyoya, kwamba amekaa muda mrefu na mgeni yule bila chakula na huenda ameshakufa, kwamba jicho ni jicho na likiharibika haliji jingine, kwamba huyu ni Punje na hakuna mtu duniani aliyewahi kumwomba kitu kwa sauti ile, na kabla mawazo hayajaisha alikuwa ameshaushika uso wake mdogo kwa mikono miwili, ameshaufungua ukope kwa kidole gumba, na midomo yake imeshajikunja yenyewe, kama ilivyozoea.

Puu.

Kifua chake kikawa chepesi, chepesi kama siku zote za kabla ya sanduku. Hapo ndipo alipojua.

Punje akatulia. Akapepesa jicho, mara mbili, likawa safi. Jikoni kukanuka mkaratusi. Kisha mtoto akacheka, kicheko kikapanda, kikapanda, kikaishia kwa kwikwi.

"Punje," alisema Fundi. "Punje. Punje, mama, niangalie."

Hakumwangalia. Aliteremka mikononi mwake akaenda mlangoni, ambako Bibi alikuwa amesimama wima bila kushika ukuta, majivu yamemjaa mpaka kwenye viwiko, ufagio mkononi. Bibi akauacha ufagio ukaanguka. Akafungua mikono, analia kwa furaha.

"Umerudi," alisema. "Kengele wangu, umerudi."

Lango la nje likalia. Mama Punje aliingia na mfuko wake wa vitambaa, akamwona mumewe amepiga magoti kwenye maji, akauachia mfuko. "Kuna nini? Punje, njoo. Jicho limefanyaje?"

Mtoto akarudi nyuma, akajificha kwenye nguo ya Bibi, akachungulia kwa jicho lile moja jekundu.

"Mama," alimuuliza Bibi kwa sauti ndogo, "huyu ni nani?"